Kiangazi Bila Mshahara: Mafunzo ya Mwanafunzi wa Sheria katika Ofisi za Serikali za Mazingira

Madhumuni ya somo

Somo hili linawahusu wazazi, walezi na wanafunzi wanaoishi Marekani. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kufanya mambo matatu. Kwanza, ataweza kueleza mafunzo ya kiangazi katika ofisi ya sheria ya mazingira ni kitu gani, na kwa nini mengi hayalipwi. Pili, ataweza kupiga hesabu ya gharama yake kabla ya kukubali. Tatu, ataweza kuitambua nafasi ya uongo na kujiepusha na hasara.

Tuanze na mfano. Binti anasoma mwaka wa kwanza wa shahada ya sheria. Mwezi wa pili anampigia mama yake simu.

"Shikamoo, mama. Nimepata nafasi Washington, ofisi ya serikali inayoshughulikia mazingira. Wiki kumi."

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana! Watakulipa kiasi gani?"

"Hawalipi, mama."

Kwa mzazi aliyefanya kazi za zamu za usiku ili mtoto asome, jibu hilo ni zito. Maswali huja kwa pamoja. Serikali ya nchi tajiri inawezaje kumfanyisha mtu kazi bure? Je, huu si utapeli? Na kama si utapeli, binti akubali au akatae?

Jibu letu ni hili: nafasi ya namna hiyo inaweza kuwa halali kabisa, na inaweza kumfaa mwanafunzi maisha yake yote. Lakini kutolipwa hakumaanishi kwamba haigharimu. Ina bei, na mwenye kuilipa ni mwanafunzi na familia yake. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo tunashauri nafasi hii ichunguzwe kama vile mlaji anavyochunguza bidhaa yoyote kubwa kabla ya kutoa fedha.

Kazi yenyewe, na kwa nini inatuhusu sote

Sheria za mazingira za Marekani zina umri wa nusu karne na zaidi kidogo. Shirika la Kulinda Mazingira, linalojulikana kwa kifupi kama EPA, lilianza kazi Desemba 1970. Sheria ya Hewa Safi ilipitishwa mwaka huohuo, Sheria ya Maji Safi ikafuata mwaka 1972, na Sheria ya Maji Salama ya Kunywa mwaka 1974. Mwaka 1980 Bunge likapitisha sheria ya kuwabana wachafuzi wagharimie usafishaji wa maeneo yaliyojaa taka zenye sumu.

Sheria hizi humgusa mlaji jikoni mwake. Mwaka 2014 mji wa Flint, katika jimbo la Michigan, ulibadili chanzo cha maji yake bila kuyatia dawa ya kuzuia mabomba yasilike. Madini ya risasi yakaingia katika maji ya kunywa ya wakazi. Januari 2016 EPA ilitoa amri ya dharura kuhusu maji hayo. Nyuma ya amri ya aina hiyo kuna wanasheria wanaosoma takwimu za vipimo, wanaotafuta kifungu kinachofaa na wanaoandika hoja zitakazosimama mahakamani. Mwanafunzi wa kiangazi huketi pembeni mwa kazi hiyo.

Kwa kawaida yeye hufanya utafiti wa sheria na kuandika waraka wa maoni kwa wakili anayemsimamia. Huhakiki marejeo ya kesi, hupitia maoni ya wananchi kuhusu kanuni inayopendekezwa, na huhudhuria vikao vya mahakama au mazungumzo ya suluhu. Si wakili bado. Hawezi kutoa ushauri wa kisheria kwa jirani wala kuahidi msaada katika kesi ya mtu, na nyaraka anazoziona ofisini ni za siri. Jamaa wasimwombe "awaangalizie jambo" katika faili za serikali. Kufanya hivyo kunaweza kumharibia jina kabla hajapata leseni.

Milango ya kuingilia

Wengi hudhani kwamba nafasi hizi ziko Washington peke yake. Sivyo. EPA ina kanda 10, na kila kanda ina ofisi ya wanasheria wake. Miongoni mwa miji yenye ofisi hizo ni Boston, New York, Philadelphia, Atlanta, Chicago, Dallas, Denver, San Francisco na Seattle. Wizara ya Sheria ya Marekani nayo ina idara ya mawakili wanaoiwakilisha serikali katika kesi za mazingira na maliasili. Mizizi yake ni ya mwaka 1909, ilipoanzishwa kushughulikia ardhi ya umma.

Kisha yako majimbo. Kila jimbo lina mwanasheria mkuu wake na chombo chake cha kusimamia mazingira, na mengi huchukua wanafunzi wa sheria wakati wa kiangazi. Miji mikubwa na wilaya zake nazo zina wanasheria wanaoshughulikia maji, taka na matumizi ya ardhi. Ofisi hizi hazina umaarufu wa Washington, lakini mara nyingi humpa mwanafunzi kazi iliyo karibu zaidi na wananchi. Tena, kama tutakavyoona katika hesabu, kulala nyumbani kwa wazazi ni ruzuku kubwa isiyoandikwa popote.

Mwanafunzi na asome tangazo lenyewe kwa makini, kwa kuwa neno moja, mafunzo, hutumika kwa vitu viwili tofauti. Ziko nafasi za kulipwa, ambazo ni chache na zina ushindani mkali. Wizara ya Sheria kwa miaka mingi imekuwa na mpango wa namna hiyo, na maombi yake kwa desturi hufungwa mapema katika vuli ya mwaka unaotangulia kiangazi chenyewe. Ziko pia nafasi za kujitolea, ambazo ni nyingi zaidi na hazina mshahara. Anayesubiri hadi masika kuanza kuomba mara nyingi hukuta aina ya pili tu ndiyo iliyobaki.

Kwa nini serikali inaruhusiwa kutolipa

Hapa ndipo wazazi wengi hushangaa. Sheria ya Marekani, kwa ujumla, haimruhusu ofisa wa serikali ya shirikisho kupokea kazi ya bure kutoka kwa mtu. Katazo hilo ni la zamani, nalo liliwekwa ili ofisi zisijiingize katika madeni ambayo Bunge halikuyaidhinisha. Hata hivyo, Bunge liliweka mlango mmoja kwa wanafunzi. Ofisi inaweza kupokea kazi ya mwanafunzi bila malipo iwapo masharti fulani yametimizwa: awe ameandikishwa chuoni walau kwa nusu ya masomo ya kawaida, chuo kiwe kimeridhia, kazi iwe sehemu ya mafunzo yake, na asichukue nafasi ya mfanyakazi aliyeajiriwa.

Masharti hayo yana maana kwa mlaji. Ikiwa mwanafunzi amepewa kazi ya kupokea simu na kupanga mafaili kwa wiki kumi, hapati kile ambacho sheria ilikusudia apate. Ana haki ya kumweleza msimamizi wake kwa adabu, na kulipeleka jambo hilo chuoni ikiwa halikurekebishwa.

Jambo jingine halijulikani sana. Mwanafunzi anayejitolea kwa sheria hiyo hahesabiwi kuwa mfanyakazi wa serikali kwa mambo mengi, lakini akiumia kazini analindwa na sheria ya fidia ya wafanyakazi wa shirikisho. Ulinzi huo hauchukui nafasi ya bima ya afya. Akiugua malaria aliyotoka nayo safarini, gharama ni yake. Hakikisheni kwamba bima yake ya chuo au ya familia inafanya kazi katika jimbo analokwenda.

Katika ofisi za majimbo na miji, kanuni hutofautiana. Ulizeni kwa maandishi: je, kuna malipo? Na nikiumia nikiwa kazini, nani atawajibika?

Hesabu ya kiangazi

Sasa tuchukue kalamu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, kwa ajili ya kufundishia. Kila familia iweke zake. Tunachukulia kwamba binti wa mfano wetu anaishi na wazazi wake katika jimbo jingine, na atakaa Washington wiki 10, yaani miezi miwili na nusu.

Chumba cha kupanga, dola 1,300 kwa mwezi: dola 3,250.
Chakula, kwa kiasi kinachozidi kile ambacho angekula nyumbani, dola 50 kwa wiki: dola 500.
Usafiri wa mjini, dola 35 kwa wiki: dola 350.
Nguo za kazini: dola 300.
Nauli ya kwenda na kurudi: dola 450.
Jumla: dola 4,850.

Hizo ni fedha zitakazotoka mfukoni. Lakini kuna gharama ya pili isiyo na risiti: mshahara ambao angeupata kama angefanya kazi nyingine. Tuseme ghala la karibu lingemlipa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Kwa wiki 10 angepata dola 7,200 kabla ya kodi. Kiangazi cha Washington, kwa hiyo, kimeigharimu familia takribani dola 12,050.

Tulinganishe na njia nyingine. Binti huyohuyo akipata nafasi isiyolipwa katika ofisi ya mazingira ya jimbo lake na kulala nyumbani, atalipa usafiri na nguo tu: dola 650. Mshahara wa ghala ataukosa vilevile, lakini tofauti ya fedha taslimu kati ya njia hizi mbili ni dola 4,200.

Je, hii ina maana kwamba Washington isiendewe? Hatusemi hivyo. Kwa mwanafunzi anayetaka kuwa wakili wa serikali, kiangazi hiki kinaweza kumpa msimamizi wa kumwandikia barua, kazi ya maandishi ya kuwaonyesha waajiri, na ufahamu wa namna ofisi za umma zinavyoamua. Tunachosema ni kwamba uamuzi ufanywe mezani, tarakimu zikiwa mbele ya wote, wala usifanywe kwa furaha ya simu ya kwanza.

Mahali pa kutafuta fedha

Ukosefu wa mshahara ofisini hauna maana kwamba hakuna fedha popote. Vyuo vingi vya sheria vina mfuko wa posho kwa wanafunzi wanaofanya kazi ya umma wakati wa kiangazi. Baadhi humhakikishia posho kila anayetimiza masharti. Vingine hugawa kwa ushindani. Katika mfano wetu, posho ya dola 5,000 ingefunika gharama zote za dola 4,850 na kubakiza dola 150. Mwanafunzi aulize mapema mambo manne: mwisho wa kuomba ni lini, fedha hutolewa kabla ya kazi au baada yake, je, zinatozwa kodi, na je, anaweza kuzipokea huku akipata krediti za masomo.

Upo pia mpango wa shirikisho wa kazi kwa wanafunzi wenye mahitaji, ambao chuo husimamia. Sheria inauruhusu kulipia kazi katika ofisi ya umma nje ya chuo, ikiwa chuo na ofisi hiyo wameafikiana. Ofisi ya misaada ya fedha chuoni ndiyo yenye jibu.

Mikopo ni jambo la tahadhari zaidi. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 ilifuta, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, ule mkopo wa shirikisho ulioruhusu wanafunzi wa shahada za juu kukopa hadi gharama yote ya masomo na maisha. Kwa wanafunzi wa fani kama sheria, sasa kuna ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Mwanafunzi ambaye ada yake imekwisha kula mkopo wa mwaka hatakuwa na kitu cha kulipia chumba wakati wa kiangazi. Mkopo wa benki binafsi unaweza kuziba pengo, lakini riba na masharti yake hupangwa na benki, na mara nyingi huhitaji mdhamini. Mzazi anayetia saini kama mdhamini anachukua deni lile kama lake mwenyewe. Asitie saini karatasi ambayo hajasomewa kwa lugha anayoielewa.

Kulipa ada ili ufanye kazi bure

Tunafika kwenye gharama inayowashangaza watu kuliko zote. Mwanafunzi anaweza kuomba mafunzo yake yahesabiwe kama somo, apate krediti kuelekea shahada. Chama cha Mawakili cha Marekani, ambacho huidhinisha vyuo vya sheria, hutaka kila mwanafunzi awe na walau krediti 6 za masomo ya vitendo, na mafunzo yanayosimamiwa na chuo yanaweza kuhesabiwa humo. Hadi mwaka 2016 kanuni za chama hicho zilikataza mwanafunzi kulipwa na kupata krediti kwa kazi ileile. Sasa katazo hilo limeondolewa, ingawa chuo kinaweza kuwa na kanuni yake.

Tatizo ni kwamba krediti huuzwa. Chuo kikitoza dola 1,200 kwa krediti moja ya kiangazi, krediti 3 ni dola 3,600. Tuziongeze kwenye zile dola 4,850: fedha za mfukoni sasa ni dola 8,450, kwa kazi ambayo haina mshahara. Huenda ikafaa, ikiwa krediti hizo zitampunguzia masomo ya muhula ujao au zitamwezesha kumaliza mapema. Lakini ikiwa ada ya muhula hutozwa kwa mkupuo, bila kujali idadi ya masomo, basi krediti za kiangazi zinaweza kuwa gharama ya ziada isiyookoa chochote.

Swali la kumwuliza mshauri wa chuo ni fupi: "Krediti hizi zitanipunguzia ada gani, na lini?" Kama hakuna jibu lenye tarakimu, usizinunue. Ofisi nyingi humpokea mwanafunzi bila krediti, almradi chuo kimethibitisha kwamba ni mwanafunzi wake.

Ahadi si mkataba

Nafasi ya serikali hutolewa kwa masharti. Mwanafunzi hupekuliwa historia yake, na upekuzi huo unaweza kuchukua wiki nyingi. Hadi utakapokamilika, hana uhakika wa kuanza.

Zaidi ya hayo, serikali inaweza kubadili nia. Januari 20, 2025 serikali ya shirikisho ilisimamisha ajira mpya za raia katika ofisi zake, na katika siku zilizofuata wanafunzi na wahitimu wa sheria waliokwisha kuahidiwa nafasi za kulipwa waliarifiwa kwamba ahadi zao zimefutwa. Baadhi walikuwa wamekataa kazi nyingine kwa ajili ya nafasi hizo.

Fundisho kwa mlaji ni kupanga matumizi yanayoweza kurudishwa. Nunua tiketi inayobadilishika, hata ikizidi bei kidogo. Tafuta chumba cha mkataba wa mwezi kwa mwezi, au bweni la chuo linaloeleza kwa maandishi namna ya kurudisha amana. Usilipe pango la kiangazi chote mwezi wa tatu kwa nafasi itakayothibitishwa mwezi wa tano. Mwanafunzi na aweke pia mlango wa pili wazi, kama vile msaidizi wa utafiti wa profesa au ofisi ya jimbo la nyumbani, mpaka apate barua ya mwisho yenye tarehe ya kuanza.

Uraia na viza

Nafasi nyingi za serikali ya shirikisho huhitaji uraia wa Marekani. Kadi ya ukaazi wa kudumu si uraia, na hadhi ya ukimbizi si uraia. Baadhi ya ofisi huangalia pia muda ambao mwombaji ameishi nchini. Ofisi za majimbo na miji huweza kuwa na masharti mapana zaidi. Sharti husomwa tangazo kwa tangazo. Mwanafunzi asijikatie tamaa kwa kusikia, wala asidanganye katika fomu, kwa kuwa kauli ya uongo kwa serikali ni kosa la jinai.

Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 anapaswa kumwona ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni kabla ya kukubali chochote. Kazi nje ya chuo inaweza kuhitaji idhini, na kazi kutokuwa na mshahara hakumwondolei wajibu wa kuuliza. Hasara hapa si ya fedha. Ni ya haki ya kubaki nchini.

Nafasi za uongo

Pale palipo na tamaa ya wengi, matapeli hawakosi. Hutuma barua pepe zenye nembo ya serikali, humpongeza mwanafunzi kwa kuchaguliwa, kisha humwomba kitu. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, imeonya kwa miaka mingi kwamba serikali ya shirikisho haitozi fedha kwa kuomba kazi. Matangazo mengi ya kazi zake hupatikana bure katika tovuti ya usajobs.gov. Zifuatazo ni dalili za hatari.

Ada ya mlangoni. Anayetaka malipo ya "usajili", "upekuzi" au "kuhifadhi nafasi" si serikali. Ushahidi mwingine hauhitajiki.

Hundi inayokuja kabla ya kazi. Mwanafunzi hutumiwa hundi ya kununulia vifaa, huambiwa abaki na sehemu yake na kuituma iliyobaki kwa mtu mwingine. Benki hulazimika kisheria kuzifanya fedha za hundi zipatikane upesi, lakini kugundua kwamba hundi ni bandia kunaweza kuchukua wiki. Ikigundulika, benki huidai fedha yote kwa mwenye akaunti, na ile aliyoituma hairudi.

Malipo yasiyofuatilika. Kadi za zawadi, sarafu za kidijitali na fedha za kutumwa kwa waya hazitumiki na ofisi yoyote ya serikali kwa jambo hili.

Anwani inayofanana. Anwani za ofisi za shirikisho humalizikia kwa .gov. Neno gov likiwa katikati ya jina, na mwisho wake ni kitu kingine, jihadhari. Baadhi ya majimbo na miji hutumia miishio mingine. Katika hali hiyo tafuta mwenyewe namba ya simu katika tovuti rasmi, upige, na umwulize mtu aliyetajwa. Usitumie namba iliyo ndani ya barua unayoitilia shaka.

Namba ya hifadhi ya jamii inayodaiwa mapema. Ofisi ya kweli itaihitaji wakati wa upekuzi, baada ya kutoa ahadi na kwa njia yake rasmi. Haiiombi katika ujumbe wa kwanza wala katika mazungumzo ya simu ya mkononi.

Chumba kisichoonekana. Wanaokwenda mji mgeni kwa wiki kumi ni mawindo ya wapangishaji wa uongo. Usitume amana kwa chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiona.

Kama fedha imekwisha kutoka, wasiliana na benki siku hiyohiyo na uombe malipo yazuiwe. Toa taarifa kwa FTC kupitia ReportFraud.ftc.gov, ikiwa taarifa zako binafsi zimechukuliwa, fuata hatua za IdentityTheft.gov. Msomi naye hutapeliwa. Wazazi wasimlaumu mtoto kiasi cha kumfanya afiche. Ukimya ndio unaompa tapeli muda wa kutoweka.

Zoezi la nyumbani

Ketini pamoja, mwanafunzi na familia, na mjibu kwa maandishi:

1. Ofisi hii inalipa? Kama hailipi, chuo kina posho, na mwisho wa kuomba ni lini?
2. Gharama zote za mfukoni ni kiasi gani, na zitatoka wapi?
3. Mwanafunzi angepata mshahara gani mahali pengine, na je, familia inaweza kuukosa mshahara huo?
4. Krediti zinahitajika kweli? Zitapunguza ada gani?
5. Je, ipo ofisi ya jimbo au mji iliyo karibu inayofanya kazi ya aina hii?
6. Nafasi ikifutwa wiki mbili kabla ya kuanza, tutapoteza kiasi gani?
7. Nani atamsimamia mwanafunzi, na atapewa kazi gani ya kisheria?
8. Tumethibitisha ofisi kwa namba tuliyoitafuta wenyewe?

Kama swali la pili au la sita halina jibu, msijibu barua ya ofisi leo. Mwombeni msimamizi siku chache za kufikiri. Ofisi ya kweli imezoea ombi hilo; tapeli ndiye anayetaka jibu kabla ya jua kuzama.

Hitimisho

Tumrudie mama wa mfano wetu. Swali lake la kwanza, "Watakulipa kiasi gani?", halikuwa swali la mtu asiyejua mambo. Lilikuwa swali la mlaji mwangalifu, na lilistahili kufuatwa na mengine. Binti akimjibu kwa daftari lenye tarakimu, wote wawili wataweza kuamua bila kinyongo: aende Washington akiwa na posho ya chuo, abaki na ofisi ya jimbo lake, au afanye kazi ya ghala mwaka huu na kuomba nafasi ya kulipwa vuli ijayo. Njia zote tatu ni za heshima.

Na kuna jambo moja ambalo familia yaweza kulifanya leo, bila kungoja kiangazi. Kila mtoa huduma ya maji ya jumuiya hupaswa kuwapa wateja wake taarifa ya mwaka ya ubora wa maji, kabla ya Julai 1. Itafuteni taarifa ya mtaa wenu, mwombeni mwanafunzi wa sheria awasomee na kuwafafanulia kwa Kiswahili kila dutu iliyopimwa na kiwango chake. Kwa kazi hiyo hahitaji leseni wala barua ya serikali, nanyi mtajua kilichomo katika maji mnayokunywa.